Upande wa Dirisha Haufutwi

Mwalimu wetu wa darasa la tano alifutia ubao kipande cha godoro. Alikikata mwenyewe kutoka godoro kuukuu la manjano, na kilikuwa kikubwa kuliko mkono wake. Aliandika kuanzia upande wa mlango, akaja mpaka upande wa dirisha, na alipofika mwisho alirudi mlangoni na kufuta ubao wote kwa mifuto michache. Vumbi la chaki liliwashukia waliokaa mbele. Wenzangu walikuwa wamemaliza kunakili na wanacheza na kalamu. Mimi nilikuwa bado naandika mstari wa tatu.

Siandiki haraka. Haya mnayosoma yamenichukua majuma mengi, na sioni haya kusema hivyo. Watu wameniuliza sababu tangu nikiwa mdogo, nami sina ya kuwapa. Herufi nilizijua mapema. Kusoma nilisoma vizuri kuliko wengi tuliokaa nao. Ila mkono wangu huandika kama mtu anayepanda maharage kwenye mteremko: shimo, mbegu, udongo, ndipo asogeze mguu.

Na sikuwa nasema. Mwalimu akiuliza kwa nini sijamaliza, niliangalia sakafu. Hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa zaidi ya watoto themanini katika chumba kimoja pale Bwera, Uganda, karibu na Kongo, na wengine walivuka mpaka kila asubuhi kuja kusoma kwetu. Asingeweza kusimama kila mara kusubiri jibu la mtoto ambaye halitoi.

Mwisho wa muhula wa pili tulifanya mtihani. Maswali niliyoyafikia niliyapata. Yaliyobaki yalikuwa karatasi nyeupe. Mwalimu alishika karatasi yangu kwa pembe, akasema bila ukali, "Mwaka ukiisha hivi, wewe huendi darasa la sita. Utarudi la nne."

Mdogo wangu alikuwa darasa la tatu. Mwaka uliofuata angekuwa la nne.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta amekaa mlangoni ananisubiri, ana furaha.

"Dada, utakaa na mimi! Kwenye benchi letu kuna nafasi. Nimeshawaambia."

Angenicheka ningeweza kumpiga. Lakini alikuwa amefurahi kweli, amenitafutia nafasi. Nilimpita nikaingia ndani.

Mama aliuza samaki wakavu waliotoka Hamukungu, kule ziwani, na siku za soko alikuwa anaondoka alfajiri na magunia yake kwenda upande wa mpakani. Aliposikia hakukasirika. Alikuwa anachambua samaki, akaendelea kuchambua.

"Kama ni kurudi nyuma, afadhali ukae na mimi sokoni," alisema. "Samaki hawana darasa."

Hakutania. Binti wa shangazi yangu alianza hivyo hivyo: alirudishwa darasa, akaona aibu kukaa na watoto wadogo, akaenda sokoni kwa siku chache, na mpaka leo yuko huko. Usiku nililala nikijiambia kwamba kwenye benchi la mdogo wangu sitakaa, na nyuma ya magunia ya samaki pia sitakaa. Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku ile jambo hilo lilikaa ndani yangu kama jiwe, na sikutaka litoke.

Muhula wa tatu ulipoanza, naibu wa mwalimu mkuu alirudi kutoka mafunzo huko Kasese. Huyu naibu hakuwa mtu wa kwetu. Alikulia katika kambi za jeshi, mtoto wa askari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko: kila sentensi ilitoka kama amri, hata akikuomba maji ya kunywa. Huko mafunzoni walikuwa wamefundishwa kwamba mtoto anayeshindwa asiachiwe mwalimu mmoja. Wakae watu kadhaa, mzazi akiwemo, kila mmoja abebe sehemu yake ya mzigo, kisha wakutane tena kuangalia. Na mtoto abaki darasani mwake, pamoja na wenzake. Alitaka kuanza na mtoto mmoja, na mwalimu wetu alipoulizwa alitaja jina langu.

Naibu alinikuta kwenye mstari wa asubuhi.

"Wewe! Mwambie mzazi wako aje Ijumaa, saa saba. Tutakaa watu watano tuzungumze juu yako. Umesikia?"

Nilisikia. Na kwetu, watu watano wakikaa kuzungumza juu yako, umefanya kosa. Mbuzi wako amekula muhogo wa jirani, au mwanao amemjibu vibaya mtu mzima. Wanakaa kwa duara, wanakuita, na huendi peke yako. Unakwenda na mtu wa kukusemea, na mkononi unakuwa na kitu, ili maneno yaanze kwa ulaini. Mama hakuhitaji kuelezwa. Baba alikuwa Kasese na lori, hakujulikana atarudi lini, kwa hiyo mama alimwita kaka yake baba.

Baba mkubwa alikuwa akivusha bidhaa darajani kwa baiskeli, kwenda Kongo na kurudi, na alizoea kusimamishwa na kujieleza. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyejua kuomba kupunguziwa kama yeye. Alikaa kwenye kigoda, akanisimamisha mbele yake.

"Umepiga nani?"

Nilitikisa kichwa.

"Umeiba?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi umetukana mwalimu."

"Baba mkubwa, huyu hasemi," mdogo wangu aliingilia. "Atatukanaje?"

"Wewe nyamaza, kesi si yako." Akafikiri kidogo. "Kosa kubwa ni lile lisilojulikana. Shemeji, tafuta jogoo."

Kwanza alituma ujumbe shuleni kwamba Ijumaa saa saba sisi ni watu wa kuwa msikitini. Wakakubali kusogeza iwe Alhamisi, baada ya masomo. Baba mkubwa alifurahi kama aliyeshinda nusu ya kesi. "Wamesogea," alimwambia mama. "Mutu anayesogea, anasikia."

Walikutana katika darasa la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa na mlango unaofungika. Mabenchi yalikuwa ya watoto wadogo, na watu wazima walikaa magoti yakiwa kifuani. Alikuwepo naibu, mwalimu wetu wa darasa la tano, na mwalimu wa darasa la pili, mama mmoja kutoka Mahango aliyenifundisha nilipokuwa mdogo. Mama yangu alikaa pembeni kabisa, nami nimesimama kando yake. Wa tano alikuwa msichana niliyekaa naye benchi moja, Mkatoliki, ambaye wazazi wake walikimbia kutoka upande wa Beni, huko Kongo. Naibu alisema anayekaa na mtoto siku nzima anajua kuliko wote. Baba mkubwa hakuwa kwenye hesabu yao. Aliingia wa mwisho, kanzu nyeupe, jogoo kwapani.

"Jogoo wa nini?" naibu aliuliza.

"Heshima, afande."

"Mimi si afande. Mimi ni mwalimu."

"Ndiyo, afande."

Alibaki amesimama, akakohoa kidogo. "Sisi nakuja na mutoto yetu," alisema. "Kama iko na makosa, sisi nakubali hata kabla ya kusikia. Tunaomba tu mutupunguzie. Baba yake hayuko, mama yake ni huyu, munamuona, ni mutu ya kazi."

Mama wa Mahango aliziba mdomo kwa ncha ya leso yake.

"Keti chini!" naibu alisema. "Hakuna kesi hapa!"

Kwa sauti ile, mtu yeyote angejua kesi ipo. Baba mkubwa alikaa haraka, lakini hakuridhika. Alimwonyesha jirani yangu wa benchi kwa kidevu.

"Kama hakuna kesi, shahidi amekuja kufanya nini?"

"Miye si shahidi, papa," msichana alijibu. "Miye nakaaka naye ku kiti moja, basi."

Naibu alieleza. Alieleza tena. Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila mara, na niliona wazi kwamba kila maelezo yalizidi kumhakikishia kwamba kosa ni kubwa. Mwishowe naibu aliacha, akamwambia kila mmoja aseme anachokiona kwangu.

"Haandiki," mwalimu wetu alisema.

"Anaandikaka!" jirani yangu aliruka. "Polepole tu. Bwana mwalimu anafutaka kabla amalize."

"Nina watoto zaidi ya themanini. Nikimngoja mmoja, wengine nitawapeleka wapi?"

Alikuwa amesema kweli. Ndipo mama wa Mahango aliponivuta nikae karibu naye. Alinitajia hesabu ya kugawanya, ya darasa letu, akanitegea sikio. Nilimnong'oneza jibu. Akalisema kwa sauti. Mwalimu wetu alitaja nyingine, ngumu, ya juma lile. Niliikokotoa kichwani huku nikitazama mguu wa jogoo uliofungwa kamba ya mkonge, nikanong'ona. Akalisema. Mwalimu wetu aligeuka akatazama ubao wa darasa la pili, ingawa haukuwa na kitu.

Baada ya hapo waligawana. Mwalimu wetu angepiga mstari katikati ya ubao, na upande wa dirisha, ninakokaa mimi, usifutwe mpaka somo lile liishe kabisa. Jirani yangu angenisomea kwa sauti ndogo, ili nisipoteze muda kuinua kichwa na kutafuta mahali nilipoishia. Mama wa Mahango angenisikiliza wakati wa mapumziko, niseme kwa mdomo yale ambayo mkono haukufika. Naibu angenipa muda wa ziada kwenye mtihani. Na nyumbani, tangu kutoka shule mpaka magharibi, nisichote maji, nisichambue samaki. Nikae mezani niandike.

"Na maji atachota nani?" mama aliuliza. Ndilo neno lake la kwanza tangu aingie.

Walimu walitazamana. Jambo hilo halikuwa kwenye mafunzo ya Kasese. Mdogo wangu alikuwa hawezi kupandisha dumu lililojaa ule mteremko, na mama alirudi kutoka sokoni jioni.

Baba mkubwa akasimama. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyesikia adhabu na kuiona inabebeka.

"Hukumu imetoka," alisema. "Maji nitaleta mimi, na baisikeli."

"Si hukumu," naibu alisema, amechoka.

"Ndiyo, afande. Mpaka lini?"

"Mpaka mtihani. Lakini tutakutana katikati kuangalia. Na jogoo wako uende naye."

"Nitaenda naye. Lakini si yangu tena. Kesi ikiisha, pande mbili zinakula pamoja. Bila kula, haijaisha."

Hivyo ndivyo jogoo alivyorudi nyumbani, akakaa kwetu kama mgeni wa serikali. Mama hakuruhusiwa kumgusa. Mdogo wangu alimwita Mwalimu.

Nimefikiri mara nyingi juu ya kosa lile la baba mkubwa. Angeelewa kwamba ni msaada, angeupokea kama watu wanavyopokea msaada: siku za kwanza kwa shukrani, kisha shughuli zinaingia. Lakini yeye alihukumiwa. Kila alasiri alishuka kutoka mpakani amefunga madumu kwenye baiskeli, jua likiwa bado kali, akayashusha mlangoni na kusema, "Ya leo hii hapa." Jirani mmoja, mama mwenye mdomo, alimsubiri siku moja kwenye njia.

"Siku hizi wanaume wa daraja wanachota maji? Umeoa mara ya pili bila kutuambia?"

"Nimehukumiwa na shule," baba mkubwa alimjibu, kifua mbele. "Wewe shule gani imekuhukumu?"

Kabla ya kuondoka alichungulia dirishani kuhakikisha nimekaa mezani. Nikiwa nimesimama, aligonga ukuta. Mdogo wangu alitaka naye akae mezani, akafukuzwa akalishe jogoo.

Niliandika. Mama wa Mahango alikuwa ameniambia neno moja ambalo nililichukua: "Usikimbie. Usisimame tu." Nilipojaribu kukimbia herufi ziligongana, nikafuta, nikapoteza muda zaidi. Basi niliacha kukimbia. Nilijifunza kutotazama nyuma, kutorudi kunyoosha mkia wa herufi iliyokwisha kupita. Wakati wa mapumziko nilikwenda kwake, nikanong'ona majibu huku watoto wa darasa la pili wakipanda mabegani kwake, naye hakukosa hata siku moja.

Darasani ilikuwa vingine. Mstari ulipigwa katikati ya ubao, mrefu, mzuri, na siku za mwanzo mwalimu wetu aliukumbuka. Kisha somo lilipamba moto, akafika mwisho wa ubao, akarudi mlangoni na godoro lake, na mkono ukapita juu ya mstari kama haupo. Jirani yangu alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu, mpaka mwalimu akamwuliza kama ana kifua. Mimi nilikaa kimya, kalamu imesimama katikati ya neno, natazama upande wangu ukigeuka kuwa mweusi.

Walipokutana mara ya pili, baba mkubwa alikuja tena na jogoo. "Waone ni mzima," alimwambia mama njiani.

Safari hii hakungoja kuulizwa. Alisimama akasema maji yameletwa kila siku, mtoto amekaa mezani kila siku, hata siku baiskeli ilipopasuka gurudumu alibeba dumu kichwani. Kisha akawatazama walimu mmoja mmoja.

"Sasa upande wa pili," alisema.

"Upande upi?" naibu aliuliza.

"Nyinyi. Siku ile kila mutu alipewa yake. Sisi nimelipa. Nyinyi mumelipa?"

Nilidhani naibu atamfokea. Alimgeukia mwalimu wetu. Jogoo alikwaruza sakafu. Jirani yangu alitazama juu, akasema kama anayezungumza na mabati:

"Bwana mwalimu anafutaka yote."

Uso wa mwalimu wetu ulibadilika. Alikuwa kijana, hakuwa na miaka mingi kazini, na kuambiwa hivyo mbele ya mzazi na mtu wa baiskeli si jambo dogo. Angeweza kusimama akaondoka, na mambo yote yangeishia pale, nami ningekuwa nimekwenda zangu darasa la nne. Alikaa. Alijitazama kiganja.

"Ninasahau," alisema. "Si kwamba sitaki. Nikishika lile godoro, mkono unakwenda wenyewe."

Sikuwahi kumtazama usoni tangu mwaka uanze. Siku ile nilimtazama. Mkono unakwenda wenyewe: lilikuwa jambo nililolijua mimi kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile.

"Basi mkono yako pia iko na kesi," baba mkubwa alisema, lakini kwa upole.

Mama wa Mahango alicheka, kisha akanigeukia. "Tumegawana sote," alisema, "hata maji yana mwenyewe. Huyu mtoto hatukumpa lake. Wewe utafanya nini, mwanangu?"

Wote wakanitazama. Mama yangu alikuwa amekunja mikono juu ya magoti, na mikono ile ilinuka samaki, ninaijua, hata akiosha kwa majani ya limau. Nilisogea kwenye sikio la mama wa Mahango, nikanong'ona.

Alirudisha kichwa nyuma, akanitazama, kisha akawaambia wengine.

"Anasema godoro likae kwake."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mwalimu wetu ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu alianza kutabasamu, bila kupenda.

"Nikitaka kufuta, nikuombe wewe?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Na utaniambia nini? Wewe husemi."

Swali hilo nilikwenda nalo nyumbani. Nililala nalo.

Kesho yake godoro lilikuwa mezani kwangu, juu ya daftari la jirani yangu kwa sababu halikuenea. Mwalimu aliandika upande wa mlango, akaja upande wa dirisha, akafika mwisho. Akageuka, mkono umeshanyooshwa hewani unatafuta. Akakumbuka. Alipita kati ya mabenchi mpaka kwetu, chaki mkononi, na darasa zima likageuka kutazama anakwenda wapi. Alinyoosha kiganja.

Upande wa mlango nilikuwa nimeubakiza mstari mmoja. Ningeweza kumpa godoro nikae kimya, kama nilivyokaa kimya miaka yote. Nikafikiria benchi la mdogo wangu, ile nafasi aliyonitafutia.

"Bado," nikasema.

Nyuma mtu alisema, "Ah! Kumbe ana ulimi!" na vicheko vikalipuka. Jirani yangu aligeuka nusu. "Nyamazeni, bajinga, anamaliza!" Mwalimu alisimama pale pale, mkono mbele, akingoja. Nilisikia pumzi yake. Mkono wangu ulitaka kukimbia, nikauzuia. Shimo, mbegu, udongo. Nilipoweka nukta nilimpa godoro.

"Upande wa mlango tu," nikasema.

"Upande wa mlango tu," akarudia, akaenda kufuta.

Siku za kwanza walicheka. Baadaye ikawa kawaida, kama kengele. Na nikagundua jambo ambalo hakuna aliyelipanga: nilipokuwa nasema "bado", kulikuwa na wengine, huko nyuma, walioinama haraka wakaandika nao. Mvulana mmoja kutoka milimani, mkubwa kwa umbo, alinipitia wakati wa kutoka na kusema bila kunitazama, "Kesho sema bado mara mbili." Nilisema.

Mtihani wa mwisho wa mwaka tuliandika asubuhi yenye ukungu, milima haionekani. Muda ulipoisha wengine walikusanya karatasi na kutoka, nikabaki na naibu. Alikaa mbele, amekunja mikono, kimya kama mlinzi wa ghala. Nje walikuwa wanapiga mpira wa majani ya ndizi, na kelele zao ziliingia na kutoka. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nimeingia sehemu ya karatasi ambayo sikuwahi kuifikia katika mtihani wowote, na maswali ya huko yalikuwa kama nyumba za kijiji unachokisikia tu. Yalikuwa maswali ya kawaida. Mengine yalinishinda. Lakini nilishindwa nayo mwenyewe, nimeyasoma na kuyajibu. Hakuna godoro lililoyafuta.

"Umemaliza?" naibu aliuliza niliposimama.

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukurasa wa mwisho?"

Nilimwonyesha.

Sikuwa wa kwanza, wala karibu na wa kwanza. Nilikuwa huko katikati, mahali ambapo watu hawakutazami mara mbili, na kwangu palikuwa pazuri sana. Mwalimu wetu mwenyewe alikuja mpaka nyumbani kuwaambia kwamba naenda darasa la sita. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, uso umeshuka.

"Sasa ile nafasi yako nitampa nani?"

Baba mkubwa hakutaka kusikia habari ya likizo kabla ya kesi kufungwa. Alikuja siku ya kufunga shule, akachinja jogoo nyuma ya jiko la shule, kwa jina la Mungu, uso wa jogoo umeelekezwa kibla. Mama na mama wa Mahango walimpika, wakasonga ugali wa muhogo, ule tunaouita bundu. Tulikaa tena katika darasa la pili, magoti kifuani, sinia moja katikati.

"Kuku ya kesi iko nguvu," jirani yangu alisema, akivuta paja kwa meno. "Imekula muhula muzima."

"Amekula mahindi yangu," mama alisema. Kila mtu akacheka, hata naibu, ambaye sikujua kama ana meno mengi hivyo.

Walipokwisha kunawa, baba mkubwa alijifuta mikono. Alisema kwetu kesi haifungwi na wakubwa. Mwenye kesi ndiye anayesema mwisho, ndipo watu waende nyumbani. Mama wa Mahango alinitegea sikio lake kama siku zote.

Sikwenda kwenye sikio lake. Mwaka uliofuata tungekuwa na mwalimu mwingine, wa darasa la sita, na ubao mwingine, na kifutio kingine ambacho sikukijua. Nilisimama.

"Darasa la sita," nikasema, na sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, "upande wa dirisha pia usifutwe."

Naibu alimtazama mwalimu wetu. Mwalimu wetu alisimama, akatoka, akavuka uwanja kuelekea darasa la tano. Aliporudi alikuwa na lile godoro, limejaa chaki mpaka rangi yake ya manjano haionekani. Aliliweka mbele yangu, kando ya sinia.

"Nenda nalo," alisema. "Mwalimu wa darasa la sita nitamwambia mwenyewe aje kuliomba kwako."

"Hukumu imesomwa," baba mkubwa alisema, akaenda kufungua baiskeli yake.